Borati ya Buganguzi

Audax alipompelekea dada yake, Annastella, jiwe aliloliokota kilimani kwao, ofisini Bukoba mjini, alikuwa amelifunga kwenye kitambaa kama yai. Lilikuwa la samawati iliyofifia, refu kama kidole, lenye pande sita.

"Akwamarini, siyo?" Audax aliuliza, akitaja kito cha thamani cha rangi hiyo.

Annastella, mjiolojia mwenye miaka tisa kazini, alilipima uzito majini. Lilikuwa zito mno kwa akwamarini. Baada ya wiki mbili majibu ya maabara yakaja: jeremejevaiti, borati ya alumini, yaani madini adimu yenye boroni. Madini hayo alikuwa ameyasoma vitabuni tu.

Jumapili akaenda nyumbani Buganguzi, furaha imemjaa. Audax akamuuliza jiwe kama lile hutokea wapi.

"Mwamba ukipoa chini ya ardhi, boroni haipati pa kukaa. Inabaki kwenye maji ya moto ya mwisho kabisa. Maji hayo hujipenyeza kwenye uwazi ndani ya mwamba, na humo jiwe hukua taratibu."

"Nitajuaje yalipopita?"

"Mwamba hulainika, ukawa kama udongo mweupe."

Alisema hivyo huku akimenya karanga. Kwamba mwamba uliolainika haujishikilii, alilijua vizuri. Halikumjia tu akilini.

Alhamisi asubuhi jirani yao, Kamugisha, akampigia simu. Audax alikuwa ameufuata udongo mweupe kilimani, mita sita ndani, bila nguzo hata moja. Ulimshukia. Walipomfikia alikuwa ameshakata roho, kope zimejaa vumbi jeupe.

Baada ya mazishi mama yao, Vestina, alimwita Annastella kibanjani, katikati ya migomba.

"Kamugisha anasema marehemu alichimba kwa maelekezo. Ya nani?"

"Yangu, mama."

"Ulijua patabomoka?"

"Nilijua. Sikukumbuka kumwambia."

Vestina akakaa chini kwenye majani makavu, akajifunika uso kwa kanga. Annastella alipomshika bega, mama aliuondoa mkono huo.

Kesho yake Annastella alipanda kilimani. Aliwakuta wanaume watano wameshaingia kwenye shimo lile lile, wanachimba. Akawapigia kelele hadi sauti ikamkauka. Walitoka mmoja mmoja wakimtukana, wakasema anataka mali ya marehemu iwe yake peke yake. Alikaa mdomoni mwa shimo siku mbili, mvua ikimnyeshea, mpaka Kamugisha alipoleta watu wa kulifukia.

Aliporudi nyumbani, Vestina alimwekea chakula mezani, akaenda kula jikoni.