Sifa za Mama Doto

Debe lilikuwa linalia nyuma ya ukuta. Mapigo mawili mazito, moja jepesi, kisha kimya kifupi kama mtu anayemeza mate. Nilikuwa bado nimejifunika shuka usoni, lakini mkono ule niliujua. Mtaa mzima wa Majengo hakuna mtu mwingine anayeweza kulifanya debe la dagaa liongee.

"Gervais!" nikapiga kelele. "Watu wamelala!"

"Saa nne hii," Heri akanijibu kutoka kwenye mkeka wake. "Waliolala ni sisi tu."

Mimi ni Enoka, mshairi. Huwa nawahi kujitaja hivyo kabla mtu hajaniita jina jingine, maana majina mengine yapo. Mwaka ule wa 1996 tulikuwa vijana watatu katika chumba kimoja, mimi mdogo wao nikiwa na miaka ishirini na mbili. Tulibeba mizigo stesheni. Treni ya Tabora ikishusha akina mama wafanyabiashara, wengine walitaka mzigo ufike gesti, na wengine walitaka mbebaji abaki. Tulibaki, tukalipwa. Watu walituita mamario. Heri alikuwa na wateja wanaume pia, waheshimiwa, ambao wakikutana naye sokoni hutazama viatu vyao.

Tulikuwa na sheria zetu. Hakuna kuibiana mteja. Hakuna kwenda bila kondomu, soksi tulivyoziita, kwa sababu mwaka uliotangulia tulimzika mwenzetu Antoni kule Ilembo, na jeneza lake lilikuwa jepesi mpaka tuliolibeba tukaona aibu. Na hakuna kuoneana haya. Ushairi nilijifundisha mwenyewe, kwenye magazeti yaliyofungia sukari, nikihesabu mizani kwa vidole. Mpaka leo sijamwona wa kunizidi Mpanda hii.

Gervais akaingia na debe lake kwapani. Jitu refu lile, lakini asubuhi ile lilikuwa limejikunja kama shati lisilopigwa pasi.

"Emelyne anaolewa keshokutwa," akasema.

"Tunajua," Heri akasema. "Umetuimbia harusi ya dada yako mwezi mzima. Lori la Katumba linaondoka kesho saa saba, unapanda, unakula pilau, unatuletea."

"Sina kibali."

Familia ya Gervais ilitoka Burundi yeye akiwa mgongoni kwa mama yake, ikapewa shamba katika makazi ya wakimbizi Katumba. Miaka ile kutoka makazini kulihitaji karatasi. Ukikutwa njiani huna, hata ukiwa unarudi, ni mahabusu. Alishawahi kulala humo siku nne, akatoka bila viatu. Na baba yao alikuwa amekufa, kwa hiyo mtu wa kumkabidhi Emelyne kwa wakwe alikuwa Gervais, na si mwingine.

"Kiko wapi?" nikauliza.

"Kwa Mama Doto."

Mama Doto aliuza dagaa kwa jumla, magunia kwa magunia, na Gervais alikuwa wake tangu masika. Alimnunulia mashati, akamshoneshea suruali. Siku moja akakichukua kile kibali: "Nikutunzie, mifuko yako imetoboka." Tangu hapo kila akikiomba, anaulizwa, "Unakwenda wapi? Hapa hujashiba?" Karatasi imelala kwenye droo ya duka, na ufunguo umelala shingoni mwa Mama Doto.

Damu ikanipanda. Nikachukua daftari, na kabla uji haujapoa nilikuwa na beti kumi za matusi. Nikasimama juu ya ndoo nikazisoma. Heri alicheka mpaka akaangukia masufuria. Gervais hakucheka.

"Yewe Enoka," akaniita kwa Kirundi, "ukimtaja yeye umenitaja mimi. Maneno yatafika Katumba kabla ya lori. Emelyne ataolewa akiwa dada wa nani?"

"Basi unataka nimsifu?"

Nilisema kwa kumkejeli. Lakini Heri akakaa kitako, akaondoa sufuria mguuni.

"Kesho asubuhi anafungua duka jipya," akasema taratibu. "Ametafuta ngoma, na mpigaji ni huyuhuyu. Na mtu akisifiwa mbele za watu, lazima amtunze msifaji. Akikataa, mji mzima utamcheka mpaka Krismasi."

"Simsifu! Mashairi yangu si watumwa wa mtu."

Gervais hakubishana. Akatoka na debe lake, akakaa pale pale nyuma ya ukuta, akaanza tena. Mawili mazito, moja jepesi. Ndipo nikatambua anachofanya: alikuwa anafanyia mazoezi ngoma ya kumtoa bibi harusi, ambayo huenda asingeipiga.

Nikazichana beti zangu kumi. Kutukana ni rahisi, maneno yanakuja yenyewe. Kumsifu mtu aliyekuudhi ni kupanda mti wenye mzinga bila moshi. Nilipanda siku nzima.

Jumamosi saa tano duka jipya lilikuwa limezungukwa na watu. Gervais yuko kwenye ngoma, jasho linamtiririka, na Mama Doto yuko mlangoni ndani ya kitenge kipya, anang'aa kama sahani. Ngoma iliposhuka nikaruka katikati:

*Mama huyu akicheka, Majengo yote hung'ara,*
*Kwake njaa huondoka, hata kwa mtu fukara,*
*Mlango ukifunguka, huingii kwa hasara,*
*Mama Doto twakuweka, juu mithili bendera!*

Vigelegele! Wakataka nirudie, nikarudia mara tatu. Kusema kweli, ulikuwa ubeti mzuri, na yeye alistahili nusu yake. Mama Doto akaja anacheza, mabega yanatikisika, akanibandika noti ya mia tano kwenye paji la uso. Kisha nyingine. Nikazibandua, nikamrudishia mkononi. Watu wakashangaa. Nikamwambia Gervais kwa jicho ashushe ngoma zaidi.

*Noti zako nashukuru, rudisha kwenye mkoba,*
*Ombi langu si kufuru, wala si ombi la shiba,*
*Mpigaji awe huru, kwa dadaye ndiye baba,*
*Kibali si cha ushuru, mpe kabla saa saba!*

Hapakuwa na siri iliyovuja. Kila mtu alijua matajiri hushikilia vibali vya vibarua wao. Bibi mmoja muuza karanga akapaza sauti: "Mpe mtoto wa watu karatasi yake, mama! Dada anaolewa!" Wengine wakadaka, "Mpe! Mpe!" wakipiga makofi.

Mama Doto akanisogelea, tabasamu likiwa limebaki mdomoni tu.

"Mshenzi wewe. Umenitega."

"Nimekusifu, mama."

Akamtazama Gervais. Aliponiuliza, sauti yake haikuwa ya muuza jumla. "Akienda, atarudi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

"Sijui, mama. Muulize mwenyewe siku akiwa na ruhusa ya kukataa."

Akavuta pumzi. Akautoa ufunguo shingoni, akaingia ndani, droo aliyohamia nayo ikalia. Alipotoka alinipita kama sipo, akaenda moja kwa moja kwenye ngoma, na ile karatasi iliyokunjwa mara nne akaibandika kwenye paji la uso la Gervais. Jasho likaishika. Hapo watu walipiga kelele ambazo nadhani zilisikika Ugalla. Gervais hakuibandua. Akapiga ngoma ya bibi harusi, mawili mazito, moja jepesi, machozi na jasho vikishuka pamoja, na Mama Doto akaicheza. Tena aliicheza vizuri.

Saa saba kasoro dakika tano tulikuwa tunakimbia, Heri na ngoma kichwani, mimi na suruali ya harusi begani. Lori lilikuwa limeshawashwa. Gervais akapanda juu ya magunia, karatasi mfukoni, kiganja kimeufunika mfuko.

"Enoka!" akaita. "Na akitokea mwingine wa kunishikia?"

Nikakanyaga tairi, nikapanda nusu, nikainua mkono wa kulia mbele ya abiria wote na kuku wao.

"Sikiliza, Gervais! Kuanzia leo hii ni sheria yetu ya nne: mteja hashiki karatasi ya mtu. Na atakayeishika ya kwako, awe mama, awe bwana, nakuahidi nitamsifu mpaka alie!"