Maziwa Yasiyonukia Moshi

Fadumo alikuwa na mimba ya miezi saba na hamu ya kitu kimoja tu: maziwa ya ngamia ya mama yake, mabichi, yanayonukia moshi wa chombo kilichofukizwa. Maziwa ya paketi ya hapa mjini, mtaa wa Huruma, aliyaita maji ya chokaa, na jirani yake Lydiah, aliyekuwa akijitolea kumnunulia, alinuna siku mbili nzima.

Mwaka wa tatu huo alikuwa hajaonana na mama yake, Hibo, anayefuga kule Garissa. Baada ya mafuriko, mbu walijaa zizini. Waliuma mbuzi, wakauma na watu, na mbuzi wakaanza kutupa mimba mmoja baada ya mwingine. Afisa wa mifugo alikuja akasema hiyo ni homa ya Bonde la Ufa. Mifugo isihamishwe, watu walale ndani ya chandarua, mimba iliyotupwa isishikwe kwa mikono mitupu, na maziwa yote yachemshwe. Hibo aliyakubali yote isipokuwa hilo la mwisho. Kwao, anayechemsha maziwa ya ngamia anamkausha ngamia. Fadumo alimbembeleza kwa simu wiki nzima amtumie maziwa, akaishia kukatiwa.

Jumamosi kidumu kikafika kwa basi. Fadumo aliapa kwamba atayachemsha mwenyewe, lakini kwanza anuse, anuse tu, na nani angemlaumu? Alifungua kifuniko akainamisha pua. Hapakuwa na moshi. Palinuka sufuria.

Hasira zikampanda. Yaani mama ameshindwa hata kufukiza chombo? Au ndiyo kumchoka huko, kwa vile amemsumbua mno? Alipiga simu machozi yakimtoka, akauliza moja kwa moja.

Hibo alishusha sauti.

"Nimeyachemsha, hooyo," alisema, kwa neno lile la mama ambalo Wasomali humwitia hata mtoto. "Mara mbili. Nilijifungia ndani watu wasinione."

"Na ngamia je?"

"Akikauka, na akauke. Nimezika mimba nyingi hapa mwezi huu. Sitaki kusikia ya kwako."

 Fadumo alimimina kikombe akaonja. Hayakuwa na ladha ya nyumbani hata chembe. Aliyanywa yote, akamimina mengine, na hamu ya kumwona mama yake ikamkaba kuliko mwanzo.