Blanketi la Mlinzi wa Karantini

Mwaka ule sotoka ilipoua ng'ombe upande wa Kimuli, Serikali iliifunga njia ya bondeni kwa mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, na Kamugisha akawekwa hapo kuwa mlinzi. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa amesoma shule ya misheni na hakujulikana kusema uongo. Amri aliyopewa na bwana mifugo ilikuwa fupi: watu wapite, ng'ombe, nyama na ngozi visipite. Alipewa kibanda, kofia, na blanketi jipya la sufu.

Asubuhi moja wanaume wa Kimuli waliteremka wakiwa na machela. Aliyelala juu yake alikuwa Kemilembe, mke wa mfugaji aitwaye Projest. Gego lake la chini lilianza kuuma wakati wa kupanda maharage. Walilipaka majani yaliyopondwa, wakamfukiza moshi ili mdudu wa jino atoke, na mwisho wakalichoma kwa msumari wa moto. Mwenye koleo la kung'olea meno hakupatikana ila katika hospitali ya misheni, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Sasa uvimbe ulikuwa umeshuka kutoka kwenye taya hadi kooni. Hakuweza kufungua kinywa wala kumeza mate, na pumzi yake ilikoroma.

Kamugisha aliitikia shikamoo zao, akamtazama mgonjwa, kisha akakitazama alichokilalia. Machela yenyewe ilikuwa miti miwili na ngozi ya ng'ombe iliyofungwa katikati. Akawaambia kwamba mgonjwa apite, ngozi ibaki.

Projest alidhani anataniwa. Mmoja wa wachukuzi, Rwegoshora, mtu mwenye ulimi mwepesi, akaweka machela chini na kujifuta jasho.

"Mzee, ng'ombe huyu alikufa wewe hujabatizwa. Kama ana sotoka, basi ni sotoka ya Wajerumani."

Wenzake wakacheka. Kamugisha hakucheka. Alijibu kwamba amri haikutaja umri wa ngozi.

Wakajaribu kuziunganisha shuka zao, lakini zilikuwa kuukuu, zikapasuka mara mgonjwa alipolazwa juu yake. Kumbeba mgongoni nako hakukuwezekana, kwa maana alipoinamishwa tu, pumzi ilikatika. Basi Projest na wengine wakarudi mlimani kutafuta mkeka katika nyumba za wakulima, wakamwacha Rwegoshora akimpungia mgonjwa nzi.

Mlango wa kibanda ulikuwa wazi, na blanketi lilining'inia kwenye kigingi ukutani. Lilikuwa zito na pana. Lingemchukua mtu mzima bila kupasuka. Kamugisha alilifikiria. Alifikiria pia usaha uliokuwa ukichuruzika pembeni mwa mdomo wa mwanamke yule, na bwana mifugo ambaye angekuja kukagua vitu vya Serikali. Hapakuwa na amri iliyomkataza kulitoa. Hilo alilijua vema.

Kemilembe aliinua mkono, akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. Kamugisha akaingia ndani, akatoka na kata ya maji. Alijua kwamba mgonjwa hawezi kumeza. Maji yakamwagika shingoni, naye Kemilembe akafumba macho.

Waliporudi na mkeka, jua lilikuwa limekwisha kuinama, na mvua ya milimani ilikuwa imekijaza kijito kilicho mbele ya kizuizi. Wakavuka kwa shida, maji yakiwafika kifuani, saa ambayo wangalikuwa wamekwisha kuvipita vilima vya ng'ambo.

Kemilembe hakufa. Tabibu wa misheni aliupasua uvimbe na kuling'oa gego, lakini mfupa wa taya ulikuwa umeoza upande mmoja, na kinywa chake hakikufunguka tena zaidi ya upana wa kidole. Tabibu alisema tu kwamba walichelewa. Hakusema kama ni kuchelewa kwa majuma yale ya majani na msumari, au ni kuchelewa kwa siku ile moja.

Wapita njia waliyaleta maneno hayo kizuizini, na Kamugisha akayapima na kuyapima tena. Kila alipoyapima yalimwelemea yeye. Jumapili ya Meza ya Bwana hakwenda mbele. Mchungaji alipomwuliza sababu, alisema ana mafua. Aliitunza ile ngozi kuliko alivyokitunza kibanda: aliianika, akaipangusa vumbi, akaipaka samli isikakamae.

Kahawa ilipokwisha kuchumwa, Kemilembe alirudi kwa miguu pamoja na mumewe. Alikuwa amekonda, na shavu moja limebonyea. Akaigusa ngozi kwa vidole, kisha akasema polepole, maneno yakipenya katikati ya meno, kwamba imetunzwa vizuri, naye anashukuru.

Shukrani hiyo Kamugisha hakuweza kuipokea.

"Mama," alisema, "siku ile nilikuwa na blanketi ndani."

"Nililiona."

Projest, ambaye hakuwa akijua habari hiyo, akamgeukia mlinzi. Kamugisha alivua kofia akangoja kupigwa, na kwa kweli alitamani apigwe. Projest aliiviringisha ngozi, akaiweka begani, akatazama njia ya nyumbani.

Ndipo Kamugisha akaingia ndani, akalitoa blanketi, akamkabidhi Kemilembe kwa mikono miwili. Mwanamke alilipapasa kuona unene wake. Akalikunjua, akalivuta pande zote kana kwamba amelala mtu ndani yake. Kisha akalitupia juu ya mti wa kizuizi.

"Liache hapa," alisema. "Mwingine atakuja."

Wakaenda zao. Matone ya mvua yakaanza kuanguka. Kamugisha alisimama akilitazama blanketi la Serikali likilowa, wala hakuthubutu kulirudisha ndani.