Visanduku Nilivyoacha Vitupu

Mwanamke akiwa na akili ndani ya nyumba ya mwanamume mwenye kisirani, aifanyie nini hiyo akili? Yangu mimi niliificha jikoni, ikakaa huko mpaka wanangu wakaota ndevu. Na msinipe pole. Nasimulia haya kwa sababu nina hasira, na hasira nikiimeza inanipa kiungulia.

Mume wangu alikuwa mtunga chemshabongo wa gazeti. Lile fumbo la maneno la Jumamosi, ukurasa wa nyuma, visanduku vyeupe na vyeusi, kwenda kulia na kwenda chini, lilikuwa lake. Watu walimwita Bwana Fumbo, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na mama yake. Ufundi wake ulikuwa kwenye maneno yenye maana nyingi. Hakukuuliza "mnyama wa mtini" kama watungaji wavivu. Yeye alikuandikia: "Yuko mtini, iko sufuriani, na cha chini kinatangazwa na serikali, herufi nne." Wewe unakuna kichwa wiki nzima, kumbe ni kima. Au hiki: "Shati hufanya hivyo likifuliwa vibaya, msafiri hufanya hivyo akichoka kutembea, na mzazi humfanyia mtoto mtukutu." Rudi. Alikuwa fundi kwelikweli, na mtu akiniambia hakuwa fundi nitagombana naye hata leo.

Sasa, fumbo kabla halijaenda gazetini lazima lijaribiwe. Anatafutwa mtu asiyejua majibu, anapewa penseli, anaangaliwa atakwama wapi. Likimalizwa haraka ni jepesi, lisipogusika kabisa ni gumu mno. Watungaji wengine huwapa rafiki zao. Wangu hakutaka rafiki, maana rafiki angekosoa. Alinipa mimi.

Mara ya kwanza ndoa yetu ilikuwa bado mbichi. Nilibandika maharage, nikavuta kiti, nikaanza. Jamani, niliona raha! Neno moja linakuchungulia hapa, linakukonyeza pale, unalifukuza mpaka unalishika mkia. Maharage hayajaiva, fumbo nimelimaliza, nikampelekea mbio huku nacheka mwenyewe. Akaliangalia juu mpaka chini. Akalichana vipande.

"Kama wewe umeliweza," akasema, "basi hata kuku wataliweza."

Hakula siku ile. Hakunisemesha mpaka alipotunga jingine, na mimi muda wote huo natembea humo ndani kwa ncha za vidole kama mwizi.

Lile la pili nikaacha visanduku kadhaa vitupu. Nikamwambia, "Hapa umeniweza, mwenzangu." Lo! Alicheka akashika mbavu. Akanieleza majibu moja baada ya jingine, kidole juu, na mimi nikaitikia "Ala! Kumbe!" kama mtu aliyeona treni kwa mara ya kwanza. Jioni ile akala sahani mbili, na nguo za kwenye kamba akaenda kuzianua mwenyewe bila kuombwa.

Basi ikawa hivyo. Kila wiki namaliza fumbo lote, halafu nachukua raba, nafuta hapa na pale, nampelekea likiwa na mapengo. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakaoa, wakaolewa, mimi nafuta tu. Nao wakajifunza kunitania. "Mama, leo baba amekubwaga mara ngapi?" Nacheka nao. Meno nje, roho inawaka moto.

Halafu macho yake yakaanza kwenda. Presha ya macho, daktari alisema, na tulikuwa tumeshachelewa. Ikawa yeye anasema, mimi naandika. Nachora visanduku kwa rula, najaza, namsomea, namtia dawa ya matone, namsomea tena. Baadaye na kichwa nacho kikachoka. Anaanza kidokezo, anakwama katikati, anaegemea kiti. "Malizia chochote hapo, nitakuja kurekebisha." Hakurekebisha hata kimoja. Mwishomwisho alikuwa ananipa neno tu, kidokezo chote changu. Kile cha kaa ni changu, nisikilize vizuri, ni changu: "Ukiambiwa utatulia, ukilishika litakuunguza, ukimfukuza atakwenda upande, herufi tatu." Kilinijia nikiosha vyombo, mikono imejaa povu, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Daktari alipomwambia basi tena, apumzike, gazeti likaarifiwa. Mhariri akapiga simu kwamba atakuja mwenyewe nyumbani, waagane na mzee vizuri na wazungumze nani atashika nafasi. Moyo ukaniruka. Nilikitaka kile kipande cha ukurasa wa nyuma, nasema kweli, nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nizaliwe. Nilitaka Jumamosi moja watu wafungue gazeti wakute jina langu. Si mke wa fulani, si mama wa fulani. Langu mimi. Nikatunga fumbo zima, la kwanza lililokuwa langu tangu kisanduku cha kwanza mpaka cha mwisho, nikalinakili kwa kalamu ya wino, nikalikunja na kuliweka ndani ya mfuko wa gauni. Mume wangu sikumwambia. Nilitaka asikie siku hiyohiyo, mbele ya watu, aone fahari. Ndiyo, nilidhani ataona fahari. Mjinga mimi.

Mhariri alikuja asubuhi. Msichana mpole, mwenye adabu zake, aliketi ukingoni mwa kochi kama anaogopa kulichafua. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa ameshawahi. Huyu tunamwita Kamusi, na ni kejeli, maana anapenda maneno makubwa na hakuna hata moja analojua maana yake. Alikuwa amevaa tai. Nilipoiona ile tai ningepaswa kushtuka, lakini nilikuwa nahangaika na vikombe.

"Mzee," mhariri akasema, "kile kidokezo chako cha kaa kilituletea balaa. Simu haziishi. Watu wanabishana maofisini."

Mume wangu akatabasamu nyuma ya miwani yake myeusi. "Ah, kile kilinitoa jasho."

Nikasema moyoni, mwache, mzee anaagana na kazi yake, mwache ajivunie kidogo. Nikamimina chai.

"Sasa nafasi yako, mzee, tumpe nani?"

"Apewe mdogo wangu huyu. Damu ni ileile, na ana msamiati."

"Mimi niko tayari kimkakati," akasema Kamusi, akanyoosha tai.

Nilisimama na birika mkononi. Nikaangalia watu watatu, hakuna aliyeniangalia. Nikaliweka birika chini.

"Na mimi je?"

Kamusi ndiye aliyeanza kucheka. "Shemeji bwana! Wewe?"

Mume wangu naye akacheka, tena kicheko kizuri, cha mapenzi, ndicho kilichonichoma zaidi. "Binti yangu, huyu mama ni mtu mwema sana, usione hivi. Lakini muulize lini amewahi kumaliza fumbo langu hata moja. Muulize."

Mhariri akanigeukia. "Ni kweli, mama?"

Hebu nikuulize wewe, ungejibu nini? Nikisema ni kweli, nimejizika. Nikisema nilikuwa najifanya, nimemvua mume wangu nguo mbele ya wageni, tena kipofu. Lakini nilikuwa nimechoka, jamani. Nilikuwa nimechoka sana.

"Nilikuwa nayamaliza yote," nikasema. "Kisha nafuta."

Halafu Kamusi akapasuka, akacheka mpaka machozi, akaipigapiga meza. "Shemeji, hiyo mpya! Hata mimi mitihani yote nilifaulu, nikafuta!" Mhariri hakucheka. Alinitazama kwa ile huruma wanayotazamwa nayo wazee waliosahau walikoacha viatu vyao.

Nikatoa karatasi mfukoni, nikamkabidhi. "Hili ni langu. Soma."

Akalikunjua. Nilimwona macho yakikimbia, kisha yakipunguza mwendo, kisha mdomo ukifunguka kidogo. Akasoma cha kwanza kwa sauti: "Kiko motoni, wako kwenye sukari, na dawa ndivyo ilivyo, herufi sita." Akawaza kidogo, akacheka. "Chungu! Cha kupikia, halafu wale wadudu, halafu ladha. Mama, hiki ni kizuri sana." Akasoma cha pili. Akasoma cha tatu, hakukipata, akauma kalamu, akakipata, akapiga goti lake kwa furaha. Nikahisi miguu yangu haigusi sakafu. Nikamtazama mume wangu.

Alikuwa ameinamisha kichwa pembeni, anasikiliza. Namjua. Anaposikia kidokezo kizuri hubana midomo na kidole gumba kinasuguana na cha shahada. Kidole kilikuwa kinasuguana. Alikuwa anajua anachosikia, na alikuwa anajua hajawahi kukisikia.

"Hayo ni yangu," akasema.

"Yako?" nikauliza.

"Nilimsomea yeye, akaandika. Ndiyo kazi yetu hapa, binti yangu. Mimi nasema, yeye anaandika. Kichwa kimeanza kumchezea kidogo, anachanganya. Umri huu."

Alisema kwa sauti ya upole kabisa, akanyoosha mkono kama anataka kunipapasa bega. Na ningesema nini? Mwandiko ni wangu, ndiyo, lakini mafumbo yote waliyopokea tangu macho yake yaende yalikuwa kwa mwandiko wangu. Ushahidi wangu wote ulikuwa unamshuhudia yeye.

Mhariri akalikunja lile fumbo taratibu, akalitia kwenye mkoba wake. "Basi tutalichapa hili liwe la kumuaga mzee. Halafu tuanze na kaka yetu hapa kwa majaribio." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Na wewe, mama, tunakuomba uendelee kumwandikia. Mwandiko wako tumeuzoea, ni safi sana."

Kamusi akamsindikiza langoni. Nilisikia anamweleza kuhusu upeo wa lugha.

Tukabaki wawili. Chai yangu ilikuwa imepoa, ina utando juu. Mume wangu akasema, "Umekasirika."

"Lile fumbo si lako."

"Najua."

"Unajua! Na ukamwambia mtoto wa watu nimechanganyikiwa? Unadhani mimi siwezi hata..."

"Najua unaweza," akanikatiza. "Nilijua tangu mwanzo."

Nikakaa chini. Yeye akaendelea, kwa utulivu, kama vile tunazungumza habari za majirani.

"Mtu asiyejua hukwama ovyo. Leo kwenye gumu, kesho kwenye jepesi. Wewe ulikwama kwenye yale magumu matupu, kila wiki, hukukosea hata mara moja. Sasa mtu atajuaje yaliyo magumu kuliko yote kama hajayamaliza yote? Nilikuwa natazama ulipoacha vitupu, najua hapo nimetunga. Palipojaa ambapo nilidhani pangekushinda, nabadilisha kabla sijapeleka. Bila wewe ningekuwa mtungaji wa kawaida tu. Nakwambia kweli."

Alisema hayo kama mtu anayenikabidhi zawadi. Na mimi nikaiona miaka yote ile imepangwa mbele yangu: mimi na raba yangu, mimi na "Ala! Kumbe!" yangu, nimepanua macho kama zuzu mbele ya mtu anayejua naigiza, anayekaa akinitazama naigiza, kisha anakula sahani mbili. Watoto wangu wananicheka, naye anajua, anacheka nao. Nilikuwa nadhani nilimlinda. Nilikuwa nadhani angalau siri ilikuwa yangu.

"Kwa nini hukusema?" Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Hata mara moja. Hata leo, mbele ya yule binti. Kwa nini?"

Alipojibu hakuwa na ujanja wowote, na hilo ndilo siwezi kumsamehe, kwamba alinijibu ukweli mtupu.

"Ningesema, ningekuwa nani humu ndani?"

"Ungekuwa mume wangu."

Huko langoni Kamusi alikuwa anacheka kwa sauti. Mume wangu akaunyoosha mkono juu ya kochi, upande wangu, akaanza kupapasa kitambaa, mbele kidogo, nyuma kidogo, anautafuta wangu. Nilikuwa nimekaa palepale, karibu. Niliutazama ule mkono, nikauacha upapase.