Kwetu Ndiko Reli Ilikoishia

“Treni ilikuwa haipiti kwetu,” nilimwambia tena. “Ilikuwa inafika, inasimama, basi. Reli ilikuwa inaishia pale.”

“Dada, hakuna atakayekuja na rula kupima,” alisema mdogo wangu bila kuinua kichwa. Alikuwa anagundisha paa la stesheni, paa lenyewe halizidi kiberiti. “Watu wa maonyesho wanataka kuona kitu kinatembea. Kikisimama tu, wanahamia meza ya pili kuangalia vikapu.”

“Waende kwenye vikapu. Nani kawashika?”

Mdogo wangu ni fundi umeme, kitindamimba wetu, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, na kwa wiki kadhaa alikuwa ameiteka meza yangu ya kulia. Wanangu walikuwa wanakula wamepakata sahani. Nilinyamaza, kwa sababu kilichokuwa kinaota juu ya mlango wa kabati la zamani alioulaza mezani kilikuwa mfano wa stesheni tulikozaliwa: jukwaa, tangi la maji, nyumba za wafanyakazi, kichwa cha treni kama kidole gumba na mabehewa matatu. Stesheni yenyewe ilishabomolewa, hata mataruma ya chini ya reli watu waliyabeba wakajengea mabanda ya kuku. Hii ya mezani ndiyo iliyobaki, na kesho yake ilikuwa inakwenda ukumbini kutazamwa na watu. Sikutaka iende na uongo.

Yeye alikuwa ameitandika reli duara. Treni inatoka stesheni, inapotelea nyuma ya kilima, inatokea upande wa pili. Unawasha swichi, unakaa unakunywa chai yako.

“Na huyu nani?” Nilimwonyesha kijimtu cha waya ukingoni mwa jukwaa.

“Baba.”

“Mbona ana kibendera?”

“Si alikuwa mtu wa reli?”

“Kibendera kilikuwa cha stesheni masta. Baba hajakishika hata siku moja. Wewe ulikuwa unanyonya, unajua nini?”

Aliweka gundi chini. “Haya, nieleze wewe uliyekuwa na meno. Alikuwa anafanya nini?”

Nikamweleza. Treni ikifika, kichwa kiko mbele, na mbele hakuna reli tena, kuna magogo mawili na majani. Ili irudi, lazima kichwa kihamie mkiani. Basi baba alikuwa anashuka jukwaani, anainama kati ya kichwa na behewa la kwanza, anafungua mnyororo. Kichwa kinapita njia ya pembeni, hii hii uliyoiweka kama pambo, naye anatembea kando ya mabehewa, hana haraka, anakwenda kukipokea kule na kukifunga. Mama alikuwa anausikia mlio wa chuma kwa chuma akiwa jikoni, anaanza kupakua. Mpaka leo nikisikia vyuma vikigongana nashikwa na njaa.

“Sasa angalia,” nikasema. “Kwenye duara lako kichwa hakifunguliwi. Kinazunguka tu. Baba hana kazi.”

Alimtazama yule wa waya, akakibandua kibendera kwa ukucha.

“Siku zote namwona akilini mwangu anapungia watu,” alisema. “Sijui nilikitoa wapi.”

Nikakiokota kibendera, nikakitia mfukoni.

“Tukilikata duara, haitajiendesha,” alisema baadaye. “Itabidi mtu asimame pale mchana kutwa. Kila ikifika, aifungue kwa mkono, aifunge upande wa pili. Mimi nitakuwa kwenye swichi.”

“Nitasimama mimi.”

“Na mgongo wako huo? Viungio vyenyewe kama mbegu za nyanya.”

“Nina sindano ya kroshia. Leta msumeno wa chuma.”

“Dada, ukikata ndiyo basi. Reli nyingine sina.”

“Shika hapo isitikisike.”

Akaishika kwa vidole viwili, pale kona ilipokuwa inaanza kuliacha jukwaa. Nikakata chuma cha kwanza, nikakata cha pili, kisha nikaing’oa kona yote nikaiweka kwenye kiti.