Mngurumo kwenye Kaseti ya Nanay

Mume wangu Nulfo anakodisha mashine za videoke, za kuimbia, kwa watu wenye sherehe, na kwa sababu hiyo anaamini hakuna waya duniani asioujua. Basi Jumatano ile mchana, alipounganisha deki ya kaseti na miksa, miksa na laptopu yangu ili turekodi humo kaseti ya mama yangu, kisha akachomeka chaja ya laptopu ukutani, spika zake mbili kubwa zikatoa sauti: nggggg. Kaseti yenyewe tulikuwa hatujaiwasha bado. Nilimtazama tu.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Ni kelele ndogo."

"Ndogo? Sahani kabatini zinacheza!"

"Nyamaza basi nifikiri."

"Fikiri upesi. Leo Jumatano."

Jumamosi tulikuwa tunavua nguo nyeusi. Mwaka mzima ulikuwa unatimia tangu mama, Nanay wangu Estrelita, afariki. Watu wangejaa nyumba nzima, na nilikuwa nimemwahidi baba yangu, Tatay, kwamba watamsikia mkewe akiongea. Lakini mimi nilikuwa na langu pia ndani ya kaseti ile, na hilo sikumwambia mtu.

Nanay alifanya kazi za ndani Hong Kong miaka tisa. Simu ilikuwa ghali na kuandika hakupenda, kwa hiyo alikuwa anaongea kwenye kaseti, anaituma ndani ya sanduku la zawadi, katikati ya sabuni na nyama za kopo. Tuliisikiliza uani kwa redio ndogo, majirani wote wamo, watoto wanalia, jogoo wanawika. Tukimaliza tunarekodi majibu yetu juu ya sauti yake na kumrudishia kaseti ileile. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Nani angenunua mpya wakati ile ipo? Wajinga sisi! Miaka ya sauti ya mama yangu tuliifuta kwa kumwambia nguruwe amezaa na mjomba amenunua suruali.

Hii moja ilipona kwa sababu niliiiba. Nilikuwa na miaka tisa. Watu walipotawanyika nikabandika sikio kwenye redio, na pale mwishoni, ambapo kila mtu alidhani Nanay ameshaaga, nikamsikia ananong'ona: "Inday." Ndivyo tunavyomwita binti, na nyumbani kwetu hakuna Inday mwingine, ni mimi. Baada ya hapo yakaja maneno, lakini kwa redio ile hayakushikika hata moja. Nikaificha kaseti ndani ya mto. Bibi alinichapa na sikuitoa.

Mtu ataniuliza, kwa nini hukumwuliza mwenyewe aliporudi? Kwa sababu ya mdomo wangu. Ndani ya kaseti hiyohiyo Nanay alikisifu chumba alichopewa na mabosi wake: kina dirisha, anaiona bahari, kitanda ni laini. Chumba hicho nilikichukia kuliko kitu chochote. Niliamini ndicho kilichomzuia kurudi. Aliporudi nyumbani moja kwa moja nilikuwa na miaka kumi na mitano, na siku moja aliponigombeza kwa sufuria ya wali niliyoiacha bila kuosha, nikamwambia, "Kama hapa hapakufai, rudi kwenye chumba chako cha dirisha." Akaendelea kusugua sufuria. Baadaye tulizoeana, tukacheka pamoja, akanilelea wanangu, lakini kaseti sikuthubutu kuitaja. Sasa ndiyo namtaka. Namtaka hata anigombeze tu.

Nulfo akachomoa chaja. Kelele ikakata hapohapo.

"Umeona? Ni chaja," akasema, kifua mbele.

"Hongera, mtaalamu. Na betri ilikufa tangu mwaka juzi." Kweli, kabla sijamaliza kusema, laptopu ikazima.

Akairudisha chaja. Nggggg. Akazima feni, tukaanza kutoka jasho. Akahamisha waya wa miksa tundu la kushoto, tundu la kulia. Akachomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja, kelele ikapungua kidogo lakini ikazua mluzi mwembamba uliopanda kila nilipogusa kipanya. Ndipo nikaishika plagi ya chaja na kuigeuza. Ilikuwa na miguu miwili, na mahali pa mguu wa tatu palikuwa na kisiki.

"Nulfo. Mguu wa tatu uko wapi?"

Akakuna shingo. "Soketi zetu zina matundu mawili, mama. Ulitaka niuingize wapi?"

"Umeukata na nini?"

"Msumeno wa chuma. Lakini nilipiga na tupa, angalia, hauna hata ncha."

Siwezi kumlaumu sana. Nyumba ngapi hapa mjini kwetu Iloilo zina plagi iliyobaki na miguu yake mitatu? Mguu huo ndio wa kupeleka umeme uliopotea ardhini, na sisi tunauona umezidi tu. Nilikasirika kidogo, nikaegemea meza, kidole kikagusa skrubu ya mgongoni mwa laptopu. Nikahisi mnyeo, na spika zikanyamaza kimya. Nikatoa kidole, nggggg. Nikarudisha, kimya.

"Aisee! Wewe ndiye mguu wa tatu!" Nulfo akacheka hadi akakaa chini.

Lakini mimi nilitakiwa kwenye deki. Mkanda wa kaseti uliwahi kukatika nikauunga kwa utepe wa gundi, na nisipouchunga ungetafunwa. Nulfo naye alitakiwa kwenye miksa. Tukamwita Tatay.

Tatay Crisanto ana miaka sabini na sita na ametengeneza mafriji maisha yake yote. Alikuja na fulana yake ya ndani, akasikiliza maelezo, akatutazama mmoja mmoja.

"Yaani mnanifanya waya."

"Vua ndala tu, Tatay, ukanyage sakafu," Nulfo akasema. "Weka kidole hapa, usikitoe."

"Nikifa, Jumamosi mtaunganisha misiba miwili, mpunguze gharama za nguruwe."

Akavua ndala. Akaweka kidole. Kimya safi. Nikabonyeza deki kuchezesha.

Kwanza mkwaruzo wa mkanda, halafu Nanay. Mungu wangu! Sauti ya mwanamke wa miaka thelathini na mbili, imejaa chumba kizima. "Hamjambo nyote huko nyumbani? Tatay wa watoto, mgongo wako vipi?" Tatay akatazama ukutani na kidole chake hakikutikisika. Ila chini ya sauti ile kelele ilikuwa imerudi, nzito na ya taratibu.

"Tatay, umetoa kidole!" Nulfo akafoka.

"Kidole kipo!"

"Mbona inanguruma?"

"Kiulize kichwa chako!"

Nikasimamisha kaseti. Kimya. Nikaiwasha, ikanguruma. Hapo hata mimi nisiyejua kitu nikaelewa kwamba laptopu ilishapona. Huu mngurumo ulikuwa ndani ya mkanda, toka hukohuko Hong Kong. Redio yetu ndogo haikuwa na kifua cha kuutoa. Spika za Nulfo zinacho.

"Basi hiyo ni rahisi," akasema Nulfo. "Tukimaliza kurekodi, naiondoa kwa programu. Dakika mbili."

"Nyamazeni nyote," akasema Tatay. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama anavyofanya akiletewa friji mbovu na mteja. "Hiyo ni kompresa. Hilo ni friji, tena kuukuu."

Kwenye spika Nanay alikuwa anasema, "Msinihurumie. Chumba changu kizuri, kina dirisha, naiona bahari. Kitanda laini, nalala kama tajiri." Nyuma yake friji linanguruma.

"Nani anaweka friji chumbani?" Nulfo akauliza.

Tatay alishajua, nilimwona usoni. Friji halikuwekwa chumbani kwake. Yeye ndiye aliyewekwa jikoni kwa friji.

Nanay akatuaga mmoja mmoja kwa majina, mpaka mbwa. Hapa ndipo mjomba alipokuwa anazima redio. Sikuzima. Tukasikia mkwaruzo tu na ule mngurumo, muda mrefu, mpaka Nulfo akaanza kuinuka. Halafu friji likatikisika, likapiga "tak," likazima. Kimya kilichokuja kilikuwa cha jikoni kwa watu, kila mtu amelala. Na ndani yake, karibu kabisa, mdomo umegusa kinasa sauti:

"Inday. Limezima. Nisikilize upesi kabla halijawaka. Usimwambie Tatay wako. Hakuna dirisha, mwanangu. Hapa likinguruma silali, na likizima nakukumbuka wewe, silali pia. Lala upande wangu wa kitanda. Usiuache upoe. Nikirudi niukute una joto lako."

"Tak." Friji likawaka tena, na maneno yaliyofuata yakamezwa humo.

Nililia bila aibu, kwa sauti, mikono ikiwa juu ya deki. Sikulala upande wake hata siku moja. Niliuachia ndoo za nguo chafu, miaka sita, kwa hasira. Na mtu huyo nikamwambia arudi kwenye chumba chake cha dirisha, yeye akasugua sufuria.

Mkanda ukafika mwisho, deki ikajizima. Nulfo akakohoa kidogo. "Inday," akaniambia polepole, "ile kelele ya friji, Jumamosi... niitoe?"

"Iguse uone," akasema Tatay.

Alikuwa bado amekaa vilevile, miguu mitupu sakafuni, kidole kwenye skrubu, ingawa hapakuwa na kitu cha kunyamazisha tena. Nikamwambia, Tatay, imeisha, toa mkono. Hakunisikia, au hakutaka.

"Friji lile limepumzika muda mfupi mno," akasema. "Umesikia? Halikumaliza hata dakika moja. Mlango haufungiki vizuri huo, baridi inatoka. Mpira wa mlango umechoka, basi." Akaelekeza kidevu kwenye deki. "Kazi ya nusu saa, Inday. Ningekuwa pale ningembadilishia, akapata usingizi."