Ndoo Ndani ya Bwawa

Jumatatu jioni shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, alichutama kando ya bwawa nililojenga nyuma ya nyumba, akaweka rula kwenye alama niliyoichora siku tatu kabla.

"Milimita ishirini na moja," akasema. "Shemeji, hujajenga bwawa. Umejenga chujio la chai."

Mume wangu alicheka, kisha akaniangalia, akaacha kucheka.

Shemeji alikuwa ameuza nyumba yake na Jumamosi anahamia ghorofani. Samaki wake tisa wa mapambo, aina ya koi, aliowalea miaka kumi na mmoja, walikuwa waje kwangu. Lakini kulikuwa na hoteli iliyowataka pia.

"Samaki wangu siwapeleki mahali pa kukauka," alisema. "Bwawa lisiposhika maji hadi Ijumaa, naipigia hoteli."

Mimi ni fundi bomba. Miaka kumi na sita nimeziba mivujo ya watu, na sasa ukoo mzima ungesikia kwamba bwawa langu mwenyewe limenishinda.

Mume wangu alishauri tumwage maji yote tukague mpira uliotandikwa chini. Nilikataa. Kazi hiyo ingekula wiki, na tungeua kichujio. Kina mapipa mawili ya plastiki: la kwanza hutuamisha uchafu, la pili limejaa sponji na vifuniko vya soda, makao ya bakteria wanaosafisha maji. Maji yakisimama, hao wanakufa.

"Sasa unafanyaje?"

"Napima."

"Si tumeshapima?"

"Tumepima yaliyopungua. Hatujajua yamekwenda wapi."

Nilijaza maji kwenye ndoo mpya, nikaisimamisha juu ya matofali ndani ya bwawa lenyewe, ipate jua lilelile na upepo uleule. Nikachora mstari ndani ya ndoo na mwingine ukingoni mwa bwawa. Ndoo nzima haivuji. Inachopoteza ni mvuke tu.

Jumanne jioni ndoo ilikuwa imepungua milimita nne, bwawa saba. Zaidi ya nusu ya hasara, basi, ilikuwa jua. Milimita tatu zilizobaki, kwa bwawa la mita tatu kwa mbili, ni lita kumi na nane kwa siku. Hizo zilikuwa na mlango wa kutokea.

Maji yanayopandishwa na pampu hutoka kwenye mapipa na kuporomoka juu ya jiwe bapa kabla ya kurudi bwawani. Niliunga bomba la bustani kwenye pipa la pili, nikayarudisha moja kwa moja bila kupita kwenye jiwe. Jumatano jua lilikuwa kali zaidi. Ndoo ilipungua milimita tano, bwawa tano.

"Mpira mzima, mapipa mazima," nikamwambia mume wangu. "Lete mtaimbo."

Tuliinua jiwe. Udongo nyuma yake ulikuwa tope. Maji yalikuwa yanarudi kinyumenyume chini ya jiwe na kuuvuka ukingo wa mpira niliouacha chini mno.

"Na wewe ndiye fundi," akasema.

"Ndiyo maana nimeuona mvujo."

Niliupandisha mpira sentimita kumi, nikaliinamisha jiwe mbele, nikayaruhusu maji yapite tena juu yake.

Ijumaa jioni shemeji alipima mwenyewe maji ya siku nzima. Alipima mara mbili, mara ya pili akiwa amevaa miwani. Ndoo milimita nne, bwawa nne.

"Kwa hiyo bado linakauka," akasema.

"Hata lako linakauka, shemeji. Hujawahi kupima tu."

Akatoa simu, akaipigia hoteli palepale mbele yangu. "Nashukuru," alisema, "lakini samaki wamepata kwao. Hapana, sibadili tena."

Jumamosi asubuhi mifuko tisa yenye samaki ilielea bwawani nusu saa. Shemeji alitaka kufungua wa kwanza. Nikamzuia hadi kipimajoto kiliposoma nyuzi ishirini na nne, ndani ya mifuko na nje. Tulipowaachia, wote walizama, wakatulia chini. Kisha mkubwa wao, mwekundu mwenye doa jeupe mgongoni, akapanda hadi yanapoangukia maji, akasimama akiukabili mkondo. Wengine wakamfuata.

Shemeji aliwahesabu kwa kidole hadi tisa, akaanza upya. Mimi sikuwa na kazi nyingine pale, wala sikuondoka.